Gitaa Moja na Mapenzi ya Ujana: Uhakiki wa Nyimbo Tunazozisikia Kabingo

Mwalimu wa Kiswahili anapoulizwa juu ya nyimbo za mapenzi zinazoimbwa na vijana, aghalabu hujibu kwa kukunja uso. Husema kwamba hizo ni nyimbo za kupoteza wakati, kwamba lugha yake ni mbovu, kwamba hazina mafunzo, na kwamba mwanafunzi anayezikariri angefanya vyema zaidi kukariri methali. Sisi nasi tumepata kuyasema hayo, tena si mara moja. Katika makala haya twakusudia kulitazama upya jambo hilo. Tutazungumzia aina moja tu ya nyimbo hizo, nayo ni ile inayoimbwa na mtu mmoja kwa gitaa moja lisilotumia umeme, bila ngoma na bila waitikiaji, juu ya mapenzi ya ujana. Twauliza: ni kitu gani kinachowavuta watu katika wimbo uliovuliwa mapambo yote namna hii? Na je, mwalimu ana haki ya kuupita kana kwamba hakuusikia?

Swali hili halikutujia vitabuni. Lilitujia hapa Kabingo, katika pande hizi za Nakivale na Mbarara, jioni moja mbele ya duka. Kijana mmoja mkimbizi kutoka Kongo alikuwa ameketi juu ya kreti ya soda, ameshika gitaa lenye nyuzi tano. Ya sita ilikuwa imekatika, na mwenyewe hakuonekana kuihuzunikia. Vijana wa bodaboda walikuwa wakibishana kwa sauti juu ya mpira. Alipoanza kuimba walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Wimbo wake ulikuwa na habari fupi sana. Msichana ampendaye amepandishwa basi pamoja na wazazi wake, wanakwenda kuhamishiwa Marekani. Mwimbaji hamlaumu mtu yeyote. Anataja rangi ya basi, anataja upande wa barabara aliosimama, kisha anasema kwamba hakuweza kupunga mkono kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imebeba mizigo ya mama wa msichana. Basi, wimbo umekwisha. Mama aliyekuwa akikaanga chapati kando ya duka hakupiga makofi wala hakusifu. Alisema neno moja tu: "Rudia."

Mhakiki anayejali kazi yake hapana budi alichunguze neno hilo "rudia". Yule mama hakuombwa na mtu kulisema, wala hakulipwa. Alikuwa na kazi mikononi na moto mbele yake. Kama wimbo ni upuuzi, kwa nini aliutaka mara ya pili?

Mahali na watu wake

Kabla hatujaendelea, yafaa tuwaeleze wasomaji walio mbali habari ya mahali penyewe. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako kusini-magharibi ya Uganda, kandokando ya ziwa lenye jina hilohilo, katika wilaya ya Isingiro, ambayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara hadi mwaka 2005. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Wanyarwanda walipoanza kuikimbia nchi yao, na tangu hapo hayajapata kuwa matupu. Leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo, wakiishi jirani na Wanyankole wenye migomba na ng'ombe wa pembe ndefu. Wakongo, hasa watokao Kivu, wamekuja na Kiswahili chao, na Kiswahili hicho kimekuwa lugha ya soko, ya foleni ya posho, ya kanisa na ya uchumba.

Jambo hili la mwisho si dogo. Kwa watu wengi wa Uganda, hasa wa rika la wazazi wetu, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi ya jeshi na kituo cha polisi. Ilikuwa lugha ya kuamrishwa, si lugha ya kubembelezwa. Idi Amin alipotoa amri mwaka 1973 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya taifa, amri hiyo haikukipendekeza mioyoni mwa watu. Ilizidi kukifunga na bunduki. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kwamba kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Haya yote ni mema. Lakini sheria humpeleka mtoto darasani tu. Haimfanyi aipende lugha. Sisi tunaofundisha hapa twajua kwamba mtoto wa Kinyankole aliyesikia Kiswahili kwanza katika wimbo wa mapenzi huja darasani na masikio tofauti na yule aliyekisikia kwanza kwa askari.

Asili ya nyimbo hizi

Wako wanaodhani kwamba mtindo wa kuimba mapenzi kwa gitaa tupu ni mambo ya kigeni yaliyoingia juzi kwa njia ya simu. Dhana hiyo si ya kweli. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kukusanya muziki, alimkuta katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, kijana mwenye umri wa miaka ishirini na kitu aitwaye Mwenda Jean Bosco. Alimrekodi akiimba na kupiga gitaa peke yake, na miongoni mwa nyimbo hizo ulikuwamo "Masanga". Sahani ya wimbo huo ilienea mbali kupita mipaka ya Katanga, na vijana wa Afrika Mashariki wakaketi karibu na gramafoni wakijaribu kuyafuata yale yaliyofanywa na vidole viwili vya Mwenda: kidole gumba kikishika nyuzi nene, na kidole cha shahada kikitembea juu ya nyuzi nyembamba. Wataalamu wa muziki, kama David Rycroft na Gerhard Kubik, wameuchunguza upigaji huo kwa makini sana. Mwenda mwenyewe alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, naye Edouard Masengo, ndugu yake katika kazi hiyo, alipata sifa huko.

Huko Kenya, upande wa magharibi, George Mukabi alikuwa na mtindo wake ulioitwa omutibo, ambao msaidizi wake alikuwa ni chupa ya Fanta iliyokwaruzwa na kugongwa ili kutoa mapigo. Mukabi alifariki mwaka 1963, lakini wimbo wake "Sengula Nakupenda" ungali unaimbwa. Twaomba wasomaji wautazame tu jina lake: jina la mtu, kisha kitenzi kimoja. Hakuna fumbo. Katika Uganda yenyewe upo mtindo uitwao kadongo kamu, maneno ya Kiganda yanayomaanisha kinanda kidogo kimoja tu, uliokuzwa na watu kama Fred Masagazi na Christopher Ssebaduka. Kadongo kamu hupenda zaidi kusimulia hadithi ndefu na kuwaonya watu. Hata hivyo jina lake lakiri waziwazi jambo tunalolizungumza, yaani kwamba uchache wa ala waweza kuwa sifa ya sanaa wala si upungufu wake.

Kijana wetu wa Kabingo, basi, hakuanza jambo jipya. Ameketi mwisho wa foleni ndefu, ajue asijue.

Fani

Tukigeukia fani, jambo la kwanza tunaloliona ni kwamba nyimbo hizi zinakwenda kinyume cha taarabu. Tangu kundi la Ikhwani Safaa lilipoanzishwa Unguja mwaka 1905, na hasa tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani zake, mwambao umezoea kuyavisha mapenzi nguo nzito: udi, kanuni, fidla, na juu yake mafumbo. Mpenzi ni ua, ni tausi, ni lulu, ni chombo baharini. Msikilizaji wa taarabu hupata raha ya kufumbua. Nyimbo za gitaa moja hazimpi raha hiyo. Zinamwambia jambo kama lilivyo. Raha yake iko kwingine, nayo ni raha ya kuaminiwa: msikilizaji huona kana kwamba ameambiwa siri na mtu asiyekuwa na pa kuificha.

Hapa ndipo twafikia hoja ambayo kwetu ndiyo kiini cha makala haya. Katika nyimbo hizi ala na habari ni kitu kimoja. Chukua "Malaika", wimbo ambao Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambao utunzi wake umegombewa na watu kadhaa akiwamo Adam Salim, na ambao Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika sahani yao ya mwaka 1965. Habari yake yajulikana na kila mtoto: kijana anapenda, anataka kuoa, hana mali. Wimbo huu umepigwa na bendi kubwa na kuimbwa na kwaya za shule na watalii mahotelini. Hata hivyo sisi twaona kwamba haukai mahali pake hasa mpaka uimbwe na mtu mmoja mwenye gitaa moja. Sababu ni nyepesi. Mtu anayesema hana mali, huku nyuma yake wamesimama wapiga tarumbeta wanane waliovaa suti, hushuhudiwa vibaya na mashahidi wake mwenyewe. Lakini mwenye gitaa bovu husadikika kabla hajatamka neno. Umaskini wa ala ni ushahidi wa umaskini wa mwimbaji. Kwa lugha ya darasani, fani imeyabeba maudhui mgongoni.

Jambo la pili ni nafasi ya gitaa lenyewe katika mazungumzo. Nyimbo hizi huimbwa na nafsi ya kwanza kumwambia nafsi ya pili: "mimi" anasema, "wewe" ananyamaza. Msikilizaji akitega sikio vizuri atagundua kwamba baada ya kila kifungu sauti ya mtu hupumzika, na katika pumziko hilo uzi mwembamba husema kidogo. Mwimbaji ameuliza, uzi umejibu. Wapigaji wazuri huufanya uzi huo ukaribie kutamka maneno. Katika wimbo wa yule kijana, baada ya habari ya mizigo, uzi mwembamba ulipigwa mara tatu kisha ukaachwa. Hakuna mtu aliyeeleza maana yake, na kila mtu alielewa.

La tatu ni takriri. Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba kurudia neno bila sababu ni kasoro, nasi twawafundisha hivyo kwa haki. Lakini katika nyimbo hizi neno hurudiwa kama mtu ajitazamaye mfukoni mara ya pili na ya tatu, ingawa ajua kwamba fedha imepotea. Kila marudio yana tumaini pungufu. Mtu anayeusoma wimbo karatasini ataona kifungu kilekile mara nne. Anayeusikiliza atasikia vifungu vinne tofauti, kwa sababu sauti imekuwa ikichoka.

La nne ni vina na mizani. Wasomaji wetu wanayakumbuka mabishano makali ya miaka ya 1970 baina ya wale walioshikilia kanuni za ushairi wa jadi na wale waliozivunja, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuitoa diwani yake ya "Kichomi" mwaka 1974. Nyimbo za gitaa hazikualikwa katika mabishano hayo. Hazina vina vya kudumu, na mizani yake hufuata vidole badala ya hesabu. Lakini Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1954 ndicho kilichozieleza sheria za utunzi kwa kizazi kizima, alishika msimamo kwamba shairi ni wimbo, na kwamba lisiloimbika si shairi. Tukimfuata yeye, mwenye hofu zaidi katika darasa la ushairi hapaswi kuwa mpiga gitaa.

Maudhui

Katika maudhui, nyimbo hizi ni nyembamba kwa makusudi. Zina mpenzi, zina kizuizi, zina machozi. Kizuizi ndicho hubadilika kwa kufuata mahali na wakati, na ndicho kimpacho mhakiki kazi. Katika "Malaika" kizuizi ni mahari. Huku Ankole mahari ni ng'ombe, na kijana aliyezaliwa Kivu katika nyumba ya wafugaji, akaikimbia vita kwa miguu, hawezi kufika ukweni akasema kwamba ng'ombe wako njiani. Kizuizi cha pili, ambacho washairi wa mwambao hawakukijua, ni karatasi. Katika makazi ya wakimbizi familia moja huitwa kwa mahojiano, nyingine hungoja. Jina la msichana hutoka katika orodha ya wanaohamishiwa nchi za mbali, jina la kijana halimo. Zamani mpenzi alichukuliwa na chombo baharini, na pepo za kaskazi na kusi zilijulikana zitavuma lini. Basi la safari hizi halina msimu wa kurudi.

Kwa hiyo tusiposikiliza ila neno "mpenzi", tutadhani kwamba nyimbo zote ni moja. Tukisikiliza kizuizi, tutaona kwamba kila wimbo ni hati ya historia. Mwanafunzi wa miaka hamsini ijayo atakayetaka kujua ukimbizi ulikuwaje kwa mtu wa miaka kumi na minane ataweza kusoma taarifa za mashirika, nazo zitampa hesabu ya mahema na magunia ya mahindi. Habari ya mikono iliyoshindwa kupunga kwa sababu imebeba mizigo ataipata katika wimbo.

Mfano kutoka mbali

Yafaa pia tutazame nje kidogo. Huko Marekani, katika mji wa Washington, katikati ya miaka ya 1980, yalitokea makundi ya vijana waliopiga muziki wa makelele huku wakiimba mambo ya moyoni bila haya. Muziki huo ukaitwa emo, jina lililokatwa katika neno la Kiingereza la jazba. Baadaye kijana mmoja wa Florida, Chris Carrabba, aliyejiita Dashboard Confessional, aliuondolea umeme. Sahani yake ya mwaka 2000 ni sauti yake na gitaa lake, karibu bila kingine, na habari yake ni mapenzi yaliyovunjika ya watu wasiofika miaka ishirini na tano. Katika onyesho lililorekodiwa mwaka 2002 wasikilizaji waliimba kila neno pamoja naye, kwa nguvu, hata mahali pengine sauti yao ikaifunika yake.

Jambo hili latufundisha kitu. Wimbo uliokuwa wa upweke kabisa uligeuka kuwa wimbo wa halaiki, na haukugeuka kwa kuongezewa ngoma. Uligeuka kwa sababu ulikuwa na nafasi tupu ndani yake, na kila msikilizaji aliingia humo na habari zake. Bendi kubwa huijaza nyumba yote, na mgeni hukaa ukumbini akitazama. Gitaa moja huacha vyumba wazi.

Hata hivyo tusifananishe mambo kwa pupa. Yule kijana wa Florida alikuwa na umeme akauzima. Kijana wetu wa Kabingo hana pa kuchomeka waya. Avuaye nguo ili aoge hafanani na asiye na nguo, ingawa wote wawili wako tupu mbele ya maji. Mmoja alichagua uchache kama mtindo. Mwingine aliukuta uchache akaufanya mtindo. Sisi twaona kazi ya huyu wa pili ni ngumu zaidi, na yastahili heshima hiyo bila ya kumdharau wa kwanza.

Kasoro

Mhakiki asiyetaja kasoro ni mpiga debe. Nyimbo hizi zinazo kasoro, nasi tutazitaja tatu.

Kwanza, zina mazoea ya maneno. Moyo, machozi, usiku, usingizi, malaika: ghala ni dogo, na watunzi wengi huingia humo wakatoka na mzigo uleule. Wimbo wa basi ulitushika kwa kuwa ulikuwa na rangi ya basi. Mamia ya nyimbo nyingine hayana basi wala rangi, yana machozi tu, na machozi yasiyokuwa na sababu humchosha hata mfariji.

Pili, zinaweza kumfunza kijana kujihurumia. Huzuni ina utamu wake, na anayeulamba kila jioni huenda asitafute dawa. Twasema hivi kwa tahadhari, kwa maana ni rahisi kwa mtu mwenye mshahara kumwambia asiye na kitu kwamba asilie.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, msichana hana sauti. Anapendwa, anasifiwa, analiliwa, anaambiwa, lakini hasemi. Tulisema juu kwamba uzi mwembamba hujibu baada ya kila kifungu. Sasa tuongeze kwamba uzi huo nao unapigwa na kidole cha yuleyule mwanamume. Amejiuliza, amejijibu. Katika jambo hili taarabu yazishinda nyimbo za gitaa mbali kabisa, kwa kuwa tangu Siti mwanamke amekuwa akisimama mwenyewe mbele ya watu na kusema alilonalo, hata kama ni kwa mafumbo. Kundi hili la vijana wenye magitaa lingali lawadai wasichana deni kubwa la nafasi.

Lugha, na kalamu nyekundu

Imebaki habari ya lugha, ambayo ndiyo huwaudhi walimu kuliko yote. Kiswahili cha nyimbo hizi ni cha Kongo. Waimbaji husema "batoto" badala ya watoto na "niko nangoja" badala ya ninangoja. Upatanisho wa ngeli huenda utakavyo. Mwalimu akisikia hivyo mkono humwasha. Wetu uliwasha jioni ile, na twakiri kwamba katika ubeti wa kwanza tulikuwa tukisahihisha kimoyomoyo badala ya kusikiliza. Tulipofika kwenye mizigo tukawa tumesahau kusahihisha.

Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Mtoto wa Nakivale atafanya mtihani uleule afanyao mtoto wa Mbarara mjini, na tukimwacha na "niko nangoja" tutakuwa tumemdhulumu. Lakini kumwambia kwamba lugha aliyoimbiwa na mama yake, na ambayo kwayo mtu ameungama mapenzi yake ya kwanza, ni uchafu wa kufutwa, ni dhuluma ya namna nyingine. Mwenda Jean Bosco aliimba Kiswahili cha Katanga, na Nairobi yote ikamsikiliza. Lahaja si kosa la sarufi. Ni nyumba ya mtu, na mgeni mwenye adabu hubisha hodi.

Tulilolijaribu darasani

Kwa kuwa taarifa hii husomwa na walimu wenzetu, tungependa kumalizia kwa jambo la vitendo. Tuliuleta wimbo wa basi darasani kwa idhini ya mwenyewe. Kwanza wanafunzi waliuandika kama walivyousikia katika safu moja ya karatasi, kisha katika safu ya pili wakauandika kwa Kiswahili sanifu. Hapakuwa na kalamu nyekundu. Waligundua wenyewe tofauti za ngeli na za kitenzi, kwa haraka kuliko tulivyozoea kuziona zikigunduliwa katika kitabu cha mazoezi. Waligundua pia mahali ambapo usanifu ulikipoza kifungu, wakabishana kama inafaa kukirudisha kilivyokuwa. Hayo ni mabishano ya wahakiki, nayo yalifanywa na watoto wa darasa la kwanza la sekondari.

Kisha tukawapa kazi ya pili, kwa ajili ya ile kasoro ya tatu: waandike jibu la msichana aliyemo ndani ya basi. Wavulana wengi walimwandikia machozi. Msichana mmoja wa Kirundi, ambaye muhula mzima alikuwa hajapata kunyosha mkono, aliandika mistari michache tu. Katika jibu lake msichana wa basi hasemi kwamba analia. Anasema: nilikuona umebeba mizigo ya mama, nikajua kwamba hutapunga, nikafungua dirisha nikapunga mimi, mara mbili, moja yangu na moja yako.

Tulilisoma jibu hilo kwa sauti mbele ya darasa. Kutoka nyuma mwanafunzi mmoja akasema, "Rudia, mwalimu." Tukarudia.